Mume wangu anapanda meli na mke mwenzangu, begi nafunga mimi

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Singida mjini, mke mkubwa kati ya wawili. Mwenzangu yuko Shelui, na sina ugomvi naye. Mwenye kisa ni mume wetu.

Tuna duka la jumla la mafuta ya alizeti. Nikisema tuna, naongea kwa adabu tu, maana kufungua ni mimi, kufunga ni mimi, na wateja wananijua mimi. Yeye kazi yake ni kukaa kiti cha mbele na kuitwa bosi. Mwaka huu kiwanda tunakochukua mzigo kikatoa zawadi kwa mawakala waliouza sana: safari ya meli ya starehe kutokea Dubai, wakala na mwenza wake. Bosi akasimama kupokea makofi.

Wake wawili, nafasi moja. Akajifanya shehe: "Mwenye wake wawili akisafiri anapiga kura. Mungu ndiye atakayechagua, mimi simo." Ijumaa akatukusanya kwa mama yake, akaweka karatasi mbili kwenye kofia, akavuta bismillahi ndefu, akachomoa moja. Likatoka jina la mwenzangu. Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha.

Safari ni kesho na zamu ni yangu, kwa hiyo begi nafunga mimi. Na masharti anayo! Ameambiwa mabegi makubwa yanachukuliwa bandarini, mnayakuta chumbani jioni, basi anataka dunia nzima iingie kwenye begi dogo la mkononi. Dawa za presha, sawa. Pasipoti, sawa. Lakini birika la kutawadhia? Kuku wawili wa kukaanga, eti chakula cha melini hakiamini? Mtu anayetapika kwenye basi kabla hatujafika Manyoni, leo nahodha.

Nikiwa nakunja vikoi vyake, mwenzangu akapiga simu. "Shikamoo dada. Samahani, ile nguo ya kuogelea ya stara niliyonunua Dar tulipofuata pasipoti yangu, niiweke begi dogo au kubwa?"

"Marahaba. Pasipoti mlifuata lini?"

"Si mwezi uliopita, dada. Kwani hakukuambia?"

Kura ilikuwa Ijumaa hii. Nikamwambia aweke begi dogo, maana mtoto wa watu hana kosa, kisha nikamfuata mume wangu sebuleni. Hakuona hata haya. "Sasa mke wangu, ningekwambia ungenuna. Nilitaka ukubali kwa roho safi."

Eti kanihurumia! Angesema kiume kwamba anamtaka mdogo, ningenuna siku mbili nikarudi dukani. Lakini kumsingizia Mungu tamaa zako, mbele ya mama yako mzazi, kwa kuwa unamwogopa mkeo? Nimemdharau mpaka nimejishangaa.

Wala sililii meli. Ninachoogopa ni kwamba zamu zetu, matumizi, haki za watoto wangu, vyote vimesimama kwenye neno la mtu huyu, na sasa najua neno lake likoje.

Asubuhi atasimama mlangoni, kama wanavyofanya wasafiri wote wa kwetu, aniambie, "Mama, nipe radhi, safari ina mengi." Begi nitampa, limejaa hadi zipu inalia. Nishaurini ndugu zangu, na hiyo radhi nimpe?