Jogoo wa Mama na Plazma ya Mume Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Kwa hivyo muuguzi wa kile kituo cha plazma huko mjini aliponiambia siwezi kumtolea dada yangu, nilipaza sauti hadi walinzi wa mlangoni wakageuka. "Huyo ni wa tumbo moja na mimi! Kama si mimi, nani?"

Dada alikuwa amelazwa, damu yake imekataa kuganda. Akipiga mswaki tu, fizi zinachuruzika. Daktari alitaka plazma, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaondolewa wekundu wake, tena ya kundi la AB, kundi letu sisi wawili, na hospitali ilikuwa imeishiwa. Tusipoipata haraka tungempoteza.

"Mama, umezaa watoto wangapi?" muuguzi aliniuliza taratibu.

"Watatu. Kwani kuzaa ni makosa?"

Akanieleza kwamba mimba huacha vitu katika plazma ya mama ambavyo vinaweza kudhuru mapafu ya mgonjwa. Akanionyesha cheti ukutani. Wakaguzi huja bila hodi, alisema, na wakikuta sheria kama hiyo imerukwa, kituo kinafungwa. Nikaketi. Wale watoto wangu, hata huko walinifuata!

Bahati nzuri, mume wangu naye ni AB. Ni fundi wa stima, mwili upo, ugonjwa hana. Nilipofika nyumbani Mutuini kumwambia, nilimkuta mama ameshuka kutoka magharibi na majogoo wawili kikapuni. Aliposikia mkwe wake atamtolea binti yake plazma, alivua koti, akaingia jikoni.

Kwetu mkwe hapewi mboga. Mkwe ni kuku wa kienyeji, na firigisi huwekwa juu ya sahani yake peke yake. Sisi wanawake tumekua tukiinusa tu. Mama alimkaanga jogoo kwa samli, kisha akamwagia samli nyingine juu. "Kula baba, upate damu." Mume wangu anamwogopa mama kuliko stima. Alikula mpaka akaramba vidole.

Asubuhi kituoni walimhoji peke yake, mlango umefungwa. Nilitaka kuingia nikazuiwa: pengine mtu ana siri inayofanya damu yake isifae, na hataisema mbele ya mkewe. Haya. Wakampima uzito na presha, wakachukua damu kidogo kwenye kichupa, wakaizungusha kwa mashine. Muuguzi akarudi nacho, uso umejaa huruma. Juu palipaswa kuwa na maji safi ya manjano. Palikuwa peupe kama maziwa.

"Jana ulikula nini, baba?"

Samli ya mama! Mafuta yanavuruga vipimo, muuguzi alisema, nao hawampi mgonjwa kitu ambacho hakikupimika. Arudi kesho, na asiguse mafuta. Safari hii sikupiga kelele. Nilimfikiria dada pale kitandani, nikalia.

Kazi ikawa kumwambia mama. Mume wangu alikataa katakata. "Mimi nimkatalie mama mkwe chakula? Bora nishike waya wa stima mikono mitupu." Basi nikaingia jikoni mwenyewe. Jogoo wa pili alikuwa chini, miguu imefungwa, na mama ananoa kisu.

"Mama, leo mkweo anakula ugali na sukuma ya kuchemsha. Bila mafuta."

"Nimpe mkwe wangu majani ya maji? Nyumbani watasema nini? Unataka nizikwe na aibu?"

"Afadhali aibu kuliko kumzika dada!"

Ilinitoka tu. Mama akaweka kisu chini. Kisha akamfungua jogoo kamba, akabandika sukuma. Sahani aliipeleka mwenyewe, leso imemfunika nusu ya uso. Mume wangu akala yote, akasema, "Asante sana mama, ni tamu." Mwongo mkubwa huyo.

Kesho yake kichupa kilitoka manjano safi. Wakamuunganisha na mashine, ikabaki na plazma na kumrudishia wekundu wake. Vipimo vyote vilipokubali, mfuko ukapelekwa wodini. Wauguzi wawili waliulinganisha na utepe wa mkononi mwa dada, mara mbili. Nikawaambia warudie. Wakacheka, wakarudia. Watu wengine wa AB wakajitokeza, mifuko ikaongezeka, na fizi za dada zikakauka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Siku dada aliporuhusiwa, jogoo wa pili hakupona. Mama alimkaanga kwa samli yote iliyobaki, akaweka firigisi juu ya sahani ya mkwe wake. Mume wangu akaiangalia, akainuka, akaiweka kwenye sahani ya dada. Wote tukamgeukia mama, na mama akamsogezea dada chumvi.

Dada akauma, akafumba macho. "Kumbe ni tamu hivi! Na miaka yote mnatunyima?"

"Mimi nimeipika tangu niolewe," mama alisema. "Sijawahi kuionja."

Dada akamwekea mkononi kipande kilichobaki. Mama akaangalia mlangoni kwanza, kisha akala.