Kamba ya Tatu

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alichagua kujifungulia katika kliniki moja ya mtaa wa Panda kwa sababu yangu. Alisema hivyo mbele ya mama: pale kuna mashini za mdogo wangu. Uzazi wake wa kwanza ulimwaga damu nyingi hata tukaanza kunong'ona habari za mazishi, na safari hii hakutaka kubahatisha. Mimi nilisomea informatiki, elimu ya kompyuta, chuoni nikatoka huko na tabia ya kutoamini kitu. Nikamwambia mashini si sala.

"Minye kazi yangu ni kuzaa," akanijibu. "Yako, uangalie damu isichelewe."

Kliniki ile ni majengo mawili ya matofali ya enzi ya kampuni ya shaba, na ua katikati. Maabara na friji ya damu viko upande mmoja, uzazi upande wa pili. Zamani muuguzi alivuka ua na karatasi mkononi. Nilipopewa kazi niliweka swichi mbili, moja kila jengo, yale masanduku membamba ya chuma ambamo nyaya za kompyuta zote huingia. Nikaziunganisha kwa kebo mbili na kuzipangia zifanye kazi kama sanduku moja lenye kichwa kimoja. Ya maabara niliifanya mkubwa, ya uzazi mdogo anayefuata amri. Niliomba mitaro miwili, kila kebo ipite kwake. Msimamizi wa kliniki alitoa mmoja, kwa hiyo kebo zote mbili zikalala ndani ya bomba moja chini ya ua.

Hapo ndipo penye hatari. Bomba likikatika, kila swichi hudhani mwenzake amekufa. Mdogo hujitangaza mkubwa. Wanakuwa wakubwa wawili kwa anwani moja, kila mmoja akiamini nyumba nzima ni yake, na taa zinaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nilipitisha kamba ya tatu juu ya paa, mbali na bomba. Hiyo haibebi kazi yoyote. Inapitisha swali moja tu: uko hai? Mdogo akijibiwa kwamba mkubwa yuko hai, anafunga milango yake mwenyewe. Uzazi unakosa mtandao, ndiyo, lakini skrini inasema wazi kwamba hakuna mtandao, na mtu anatumia miguu. Sikutafuta zaidi ya hapo. Katika mji huu umeme hukatika na watu wanaendelea na maisha. Kinachotumaliza ni vitu vilivyokufa vinavyojifanya vizima.

Siku ya majaribio nilichomoa kebo zote mbili mbele ya msimamizi. Uzazi ukazimika kama nilivyopanga. Akakunja uso.

"Ingénieur, hii ni kupona ao ni kufwa?"

"Ni kufwa bila kudanganya, Patron."

"Shiye tunakulipa juu mashini itembee, weye unaifundisha kufwa!"

Muuguzi mkuu wa uzazi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa mlangoni. "Patron, muache. Bwana yangu naye angefundishwa vile. Akishindwa, aseme anashindwa, nilale."

Hata msimamizi alicheka.

Kiangazi kilipoingia, mlinzi alianza kuchimba nyuma ya vyoo. Alisema ni shimo la takataka. Huku kwetu kila mtu anajua maana ya shimo la takataka lenye ngazi. Watu wanafuata jiwe la shaba hadi chini ya jiko lao wenyewe.

"Papa, takataka gani inaomba shimo ya vile?" nilimuuliza.

"Ya kesho, mwana. Iko inakuya mingi."

Nilimwonyesha bomba linapopita. Akaniambia niwe na amani, atalizunguka.

Dada alianza kutoka damu mchana, mvua zikiwa bado mbali, tukamkimbiza kliniki. Daktari alisema hapasui mpaka damu iwe mezani. Muuguzi mkuu akaandika ombi kwenye kompyuta, na skrini ikajibu: imetumwa. Juu ya kichwa chake swichi yangu ilipepesa taa zake za kijani. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi la ukumbini.

"Labo banasema nini?" nilimuuliza muuguzi mkuu habari za maabara.

"Ombi inafika. Tunangoya jibu. Si ni mashini yako? Iko inajua kazi."

Tukangoja. Mama akaanza rozari, akaiacha katikati. "Mwana, hiyo damu iko inakuya na mguu ya kobe?"

Niliinuka, nikasogeza kiti cha muuguzi, nikaiuliza swichi ya uzazi kupitia kompyuta yake ni nani mkubwa. Ikajibu kwamba ni yenyewe. Wakubwa walikuwa wawili.

Nilivuka ua mbio. Katika maabara fundi alikuwa anamenya karanga mbele ya skrini tupu.

"Kwetu hakuna kitu," alisema. "Leo kimya. Nikasema Mungu anatusaidia, hakuna muntu anaumwa." Kisha akaniona uso, akaenda kwenye friji bila kuuliza tena.

Damu ilifika. Dada alipasuliwa, akaishi. Mtoto hakulia.

Nilimuuliza daktari kama ni kule kungoja. Aliosha mikono muda mrefu. "Labda," akasema. "Na labda hapana." Sijapata jibu jingine, na nimeuliza wengi.

Bomba lilikuwa limekatwa safi, vumbi la kijani la shaba juu yake. Mlinzi alisema alidhani ni mzizi. Kamba ya paa niliifuata kwa macho: ilikuwa imechomolewa kwenye swichi ya uzazi, na ncha yake ilikuwa kwenye kamera mpya inayotazama pipa la mazutu, yale mafuta ya jenereta.

"Ile kamba ilikuwa inakaa bule," msimamizi alisema, bila ukali. "Tangu uiweke, haikubeba kitu hata siku moja. Mazutu banaiba kila siku."

Ilikuwa kweli kwamba haikubeba kitu.

Wauguzi wamerudi kwenye karatasi. Swichi ya maabara imebaki ukutani kwa ajili ya kamera. Shimo limeongezwa ngazi.

Dada aliweza kuketi siku ambayo tayari tulikuwa tumetoka makaburini kumzika mtoto. Alinitazama bila hasira.

"Mashini yako ilikuwa inatumika?"

"Taa zilikuwa zinawaka, yaya."

"Zote?"

"Zote."

Akageukia ukuta, akavuta kitenge mpaka begani.