Mvua ya Vinyonga wa Maabara

Jumatatu hiyo Mama Maabara alifungua mlango wa maabara ya shule, akaweka mkoba mezani, na kabla hajavua koti akamwona kinyonga jike amekufa sakafuni mwa kizimba, ubavu juu, macho yamezama ndani kabisa. Wenzake wawili walikuwa bado wameng'ang'ania matawi, lakini ngozi zao zilikuwa zimekunjamana na rangi imekuwa ya majivu. Bakuli la maji lilikuwa limejaa pomoni.

Hasira zikampanda mpaka masikioni. Alichukua chupa ya kupulizia maji iliyokuwa pembeni, akashuka ngazi mbilimbili hadi getini kwa mlinzi, aliyeachiwa vinyonga mwisho wa wiki.

"Uliwapulizia maji?"

"Mama, niliwajazia bakuli mpaka juu. Hawakunywa wenyewe."

"Nilikwambia nini? Kinyonga hanywi bakulini! Anaramba matone kwenye majani. Nimekuandikia, nimekubandikia ukutani, nimekupa na chupa mkononi!"

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Jumamosi nilipulizia. Jumapili ndiyo nikapitiwa kidogo."

Mama Maabara akainua chupa. "Ijumaa niliiacha imejaa hadi shingoni. Leo imejaa hadi shingoni. Jumamosi ulipulizia mate?"

Miaka kumi na tisa alikuwa akitunza maabara ya shule ile: kuosha vyombo vya kioo, kupima kemikali, kuandaa majaribio ya somo la biolojia. Jina lile alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuacha bomba likivuja mbele yake. Vinyonga watatu aliwaomba mwenyewe, akawaundia kizimba cha wavu na kuwapandia mimea. Alipompasua yule jike ajue kilichomuua, alikuta mayai ishirini na mawili. Akampelekea mwalimu mkuu habari.

"Pole, Mama Maabara. Lakini si kinyonga tu? Tutapata mwingine."

Akageuka akatoka. Alijua akifungua mdomo, kazi hana.

Ukweli ni kwamba hasira ile haikuanza na vinyonga. Mwaka uliopita mama yake mzazi aliugua miezi mitatu kitandani, na kaka yake mdogo, fundi wa redio na televisheni, alikuwa akipiga simu kila wiki: "Dada, Jumamosi nakuja, nikupokee zamu." Jumamosi kumi na mbili zikapita bila yeye kutokea. Dada mtu akabaki peke yake, akimlowesha mama midomo kwa pamba, akilala kwenye kiti. Kaka akaonekana siku ya maziko, suti mpya, akilia kuliko watu wote. Tangu siku hiyo hawakuwa wanasalimiana.

Basi Mama Maabara akaapa kwamba vinyonga waliobaki hawatamtegemea mtu mwingine yeyote anayesema atakuja. Alikwenda kwa wauza vipuri vikuukuu, akapata pampu ndogo inayorusha maji kwenye kioo cha mbele cha gari. Akaifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, akavuta mpira mwembamba hadi juu ya kizimba, akatoboa mahali pane na kuchomeka vichwa vya bomba la kunyunyizia dawa mashambani. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki, ukipitia swichi ya saa inayowasha asubuhi na jioni, dakika mbili mbili.

Siku ya kwanza mpira ulichomoka ukamwogesha yeye. Aliukaza kwa waya huku akiutukana matusi ambayo wanafunzi hawakuwahi kuyasikia kwake. Siku ya tatu ukungu ulishuka sawasawa, na vinyonga wakatoa ndimi kuramba majani. Alikaa akawatazama mpaka kengele ya kipindi ikalia.

Kisha mvua za kweli zikaanza. Hewa ilikuwa imelowa tayari, lakini saa haijui hilo. Ilipofika wakati wake ilipuliza tu. Wiki ya pili shina la mmea likaota ukungu mweupe, na kinyonga mmoja akawa anatoa mapovu mdomoni. Amelowa mno, kifua kinaingia maji. Kumbe kilichohitajika si saa peke yake, bali kifaa cha kupima unyevu na kuikatia pampu umeme hewa ikishalowa. Kifaa hicho aliweza kukinunua. Kukiunganisha hakuweza, na fundi pekee aliyemjua alikuwa yule yule kaka yake.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo kama mtu mwenye jino bovu. Siku ya tatu akaingia kwenye kibanda cha mdogo wake na kutua kifaa juu ya televisheni iliyofumuliwa.

"Nifungie hiki. Sikuja kupiga porojo."

Kaka akaacha chuma cha kulehemu. "Dada, karibu, kaa..."

"Sikai."

Kaka akakigeuzageuza kile kifaa. "Hiki ni cha nini?"

"Cha vinyonga. Wanakufa kiu kwa sababu watu wanaahidi kuja na hawaji."

Kaka akakiweka kifaa chini taratibu. Akasema, "Kesho saa mbili niko shuleni."

"Tutaona."

Kesho yake saa moja na nusu kaka alikuwa mlangoni mwa maabara, begi la zana begani. Walifanya kazi bila kuangaliana: yeye akikata nyaya, dada akishika tochi. Walipomaliza, kaka akapulizia kipima unyevu pumzi ya mdomo. Namba zikapanda, pampu ikazimika. Akakipangusa, zikashuka, pampu ikanguruma. Akacheka. Dada hakucheka.

"Nimewahi, eh?" alisema kaka.

"Kwa vinyonga umewahi."

Uso ukamshuka. "Niliogopa kumwona mama vile, dada."

"Na mimi niliogopa! Unadhani mimi nilikuwa jiwe?" Akazima tochi. "Kusanya zana zako, wanafunzi wanaingia."

Kaka akaondoka. Likizo ndefu ikaja. Shule ikafungwa wiki tatu. Mama Maabara alijaza ndoo mbili zilizounganishwa kwa mpira, akaachia panzi tele kizimbani, akabandika karatasi: MTU ASIGUSE. Aliporudi, mmea ulikuwa umechipua, yule wa mapovu amepona, na wote wawili ni wa kijani kibichi, macho yamejaa.

Hasira haikuisha kwa hilo. Kaka alipopiga kuuliza hali ya vinyonga, alimjibu, "Wazima," akakata simu. Lakini Jumapili iliyofuata dada mwenyewe ndiye aliyempigia, wakagombana kwa saa nzima kuhusu mama, wakasema kila walichokuwa wamekificha, mpaka sauti zikawakauka.