Mume Alikimbilia Nakonde, Nyumba Ikabaki Chapwa

Mama Lusungu, jirani yangu kule Chapwa, mpakani, anatangaza mtaa mzima kuwa jana mchana kaniona nimemkumbatia mwanaume mgeni mlangoni, napiga vigelegele, na mume hayupo.

Jamani, ni kweli tupu!

Ila ngojeni kwanza.

Mimi ni Nesta. Mume wangu, Enoka, aliweka nyumba yetu rehani benki ili apate mtaji wa mahindi. Mahindi yakashuka bei. Marejesho ya miezi minne yakatushinda, tukaletewa notisi ya siku sitini.

Basi kila afisa wa benki akija, Enoka anavuka mpaka, huyoo, Nakonde kwa shangazi yake!

"Huku Zambia hawanigusi!" ananipigia simu, anacheka.

"Na nyumba je, Baba Joshua? Nayo ina pasi ya kusafiria?"

Mimi kazi yangu kujifungia ndani na kuchungulia dirishani.

Ndo nikaanza kuona kitu. Dalali wa mnada huwa anakuja na gari na spika, mtaa wa pili nilimshuhudia. Huyu wa kwetu anakuja na bodaboda na bahasha. Anapiga hodi, anasubiri, anaondoka mnyonge. Mara tano!

Jana nikafungua.

"Mama, kumbe mpo!" Jasho linamtiririka. "Nawatafuta tuwapangie upya mkopo. Miaka mitatu iwe sita, rejesho la mwezi lishuke karibu nusu."

"Kwa hiyo hamuuzi nyumba?"

"Mkisaini kabla ya Ijumaa, hatuuzi. Ikipita hapo, faili linaenda kwa dalali. Kuna kipato kingine?"

Nikamwonyesha vyumba viwili vya uani. "Nikiwapangisha madereva wa malori wanaosubiri kuvuka?"

"Andika humo humo kwenye fomu!" akanipa kalamu.

We! Nilimrukia, nikapiga vigelegele kuku wakatawanyika. Ndicho alichokiona Mama Lusungu.

Shule yangu iliishia darasa la saba, ila hili nawaambia: deni la nyumba likikulemea, usijifiche. Nenda ukaongee mapema, kabla mlango haujawa wa mwingine.

Sahihi yangu nimeweka. Imebaki ya mkopaji mwenyewe.

Leo ni Alhamisi, naandika nikiwa sebuleni kwa shangazi, Nakonde. Enoka aliponiona na bahasha ya benki, kapanda darini.

"Baba Joshua, shuka usaini, mume wangu! Nyumba imepona!"

Huyoo, namsikia anatambaa kwenda kona ya mbali!