Kapitene wa Kapata

Tanga lililolala na unyevu hutoa harufu ya ukungu, kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Harufu hiyo, pamoja na ya kinyesi cha kuku na ya rangi iliyochomwa na jua, ndiyo iliyojaa uani kwetu msimu mzima wa mvua nilipokuwa na miaka kama kumi. Tuliishi Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, ambako nyumba za wafanyakazi wa mgodi zimepangwa mistari na zote zinafanana. Ya kwetu ilikuwa rahisi kumwelekeza mgeni: ile yenye mashua. Ilikuwa mashua ndogo nyeupe ya tanga, ya mtu mmoja, imelazwa juu ya matairi ya lori, mbali na maji yoyote isipokuwa ya bomba, na bomba lenyewe lilitoka lilipopenda. Kuku walitaga humo ndani, nasi watoto tukawafukuza tupate kusafiri kwenda tusikokujua.

Baba yangu, Ramazani, hakuwa mtu wa mgodi. Alikuwa na lori moja, akibeba chumvi, mafuta na nguo za mitumba kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Kapata mtu alijulikana kwa kazi ya baba yake: huyu wa karakana, yule wa reli, yule wa kuyeyusha shaba. Watoto tuliulizana hivyo kabla ya kuulizana majina. Sisi tulikuwa Waislamu waliotoka mashariki, tena wachache, na baba hakuwa na karakana. Alichokuwa nacho ni ziwa Tanganyika. Alisema amekulia Kalemie, juu ya maji, na kwamba akiwa kijana alivuka ziwa hadi ng'ambo peke yake. Watu wa Kapata walidhani kila Mwislamu wa mashariki amezaliwa ndani ya mtumbwi, kwa hiyo walimwamini bila kumsaili, wakamwita Kapitene. Ukweli, ambao nyumbani aliujua mama tu na mimi nikaujua baadaye, ni kwamba alikulia Kasongo, dukani kwa mjomba wake, na ziwa lile aliliona mara moja, akiwa abiria wa meli, akitapika. Mama alizoea kusema debe tupu haliachi kuvuma, lakini alisemea jikoni, mlango umefungwa.

Mashua aliipata kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Baba alimbebea samani zake, na mwisho ikabaki mashua ambayo hakuna aliyeitaka. Mhandisi akamwuliza kama kweli yeye ni mtu wa ziwa. Baba angeweza kukataa. Akaitikia kwa kichwa, na jioni ile lori likaingia Kapata na mashua mgongoni, watoto wakilikimbilia kwa shangwe. Mimi nilikuwa nimeketi mbele, kati ya baba na dereva, mahali pangu pa siku zote, nikiona fahari isiyo na kifani.

Mvua zilipokwisha na upepo wa kiangazi kuanza, utani nao ukaanza. Jirani yetu Tata Ilunga, mzee aliyestaafu karakana na ambaye ulimi wake haukustaafu, alisimama kwenye uzio kila asubuhi.

"Kapitene, ile bateau itashuka mu mayi siku gani? Ao ni nyumba ya bakuku?"

Baba alicheka mara ya kwanza, akacheka ya pili. Siku moja nikaona hacheki tena.

"Dimanche yenye kuya," akajibu. "Ita batu yote."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili ile lori lilibeba mashua, majirani na masufuria ya bukari, ugali wetu, hadi ziwa Nzilo, ambako mto Lualaba umezibwa na bwawa. Mpango ulikuwa kwamba baba ateremkie kwenye kambi ya wavuvi, aambae ukingo peke yake, azunguke rasi yenye mawe, nasi tumngoje upande wa pili, kwenye ghuba ndogo. Mama alimvuta kando, lakini sauti yake niliisikia.

"Chukua hata muvuvi moya, muende babili."

"Mama Salima, mayi inanijua."

"Na mamba?"

"Mamba nayo inanijua."

Hakujua kuogelea. Aliingia na shati jeupe na kofia yake ya swala, wavuvi wakamsukuma, upepo ukalijaza tanga kwa nyuma, naye akaenda. Jamani, alipendeza! Tata Ilunga mwenyewe alivua kofia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Upande wa pili tulingoja sana. Samaki waliiva, bukari ikaanza kupoa, na wanaume wakaanza kutazamana. Mama akanituma kuni, nadhani ili nisione uso wake. Nilipanda kilima cha ile rasi, na nilipofika juu nikachungulia chini, upande ambao wenzangu hawakuweza kuuona.

Baba alikuwa majini. Ukingo pale ulipinda, upepo ukawa unampiga usoni, na yeye alijua kwenda na upepo tu. Alikuwa ameshusha tanga, akajifunga kamba begani, akawa anaikokota mashua katikati ya matete kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Maji yalimfika kifuani. Shati na suruali alikuwa amevikunja akavibeba kichwani, na kofia juu yake, visilowe. Mkono mmoja ulishika kasia na kupigapiga maji ili kuwafukuza mamba, na midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Alipofika penye maji haba akatokea na chupi tu. Sikuwahi kabla ya hapo kumwona baba bila nguo, hata kifua. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwepo. Nilisikia uso wangu unaungua, nikataka ardhi inimeze. Ndipo nikaelewa jambo ambalo lilinitia aibu zaidi kuliko uchi wake: baba yangu alikuwa anaogopa kicheko cha Kapata kuliko anavyoogopa mamba.

Akainua macho, akaniona. Hakuniita, hakunikemea, hakunionya ninyamaze. Aligeuza uso kuelekea ziwani, akasimama vile vile, akingoja niondoke. Nikaondoka bila hata kijiti kimoja.

Mdomoni mwa ghuba upepo ulirudi mgongoni mwake. Akatokea amevaa, tanga limejaa, ameketi wima, na akina mama wakapiga vigelegele. Aliposhuka, suruali ilikuwa imelowa makalioni.

"Mawimbi," akasema baba kabla hajaulizwa.

Tata Ilunga alinigeukia. "Salima, ulikuwa kule yulu. Ulimuona papa yako?"

"Nilimuona."

"Alikuwa anakimbia na bateau?"

Baba alikuwa anakung'uta mchanga kwenye kofia isiyo na mchanga. "Alikuwa anakimbia sana," nikasema, na kelele za shangwe zikaanza upya. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakusema mwosha hulalaje.

Tulipoondoka, nilikwenda mlango wa mbele wa lori kama kawaida. Baba akaniambia nipande nyuma na wenzangu. Hakusema kwa ukali. Tangu siku hiyo sikukaa tena karibu naye, na kwa miaka yote iliyofuata alizungumza nami huku akitazama kitu kingine. Mashua aliwaachia wavuvi, wakaikata mlingoti, ikawa ya kubebea mihogo.

Sasa baba ni mzee, anaishi Mutshatsha karibu na reli. Mimi nina duka la vitenge Kolwezi na watoto watatu, na barabara aliyoipita na lori lake imejaa malori makubwa ya madini ambayo yangeweza kulibeba lile lake. Likizo iliyopita tulimtembelea. Mwanangu mkubwa alimwonyesha katika simu video ya mtu akiambaa pwani peke yake kwa mashua ya tanga, akipinda dhidi ya upepo huku na huku, kwa wepesi wa ajabu.

"Babu, nawe ulikuwa unafanya hivi?"

Baba aliitazama video mpaka ikaisha. "Hapana," akasema. "Mi sikujua. Nilikuwa natembea mu mayi, suruali ku kichwa. Muulize mama yako. Aliniona."

Watoto wakaangua kicheko. Babu mwenye utani! Wakanigeukia. Baba naye alikuwa ananitazama, machoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu ile rasi.

"Babu yenu anatania," nikasema.

Akainamisha kichwa, akairudisha simu. Utotoni mwangu alihitaji uongo wangu, nikampa bila kuombwa. Safari hii aliomba ukweli, mbele ya wajukuu wake, nami nikamnyima. Aibu ya ziwani ilikuwa yake, mimi niliibeba tu. Hii ya Mutshatsha ni yangu.