Saa Moja na Robo Kutoka Wajir

Baba mdogo aliinua simu yake juu, kamati nzima ya mazishi ikanyamaza. Tulikuwa kwetu mtaa wa Ziwani, Nairobi, viti vya kuazima vimejaa hadi mlangoni. "Wajir hadi Kisumu," akasoma, "kilomita mia sita na kitu. Ndege inachukua saa moja na robo. Kijana atakunywa chai Wajir, chakula cha mchana atakula nasi." Akatangaza kwamba baba yetu angezikwa nyumbani Kisumu, Jumamosi saa nane.

Kijana mwenyewe ni kaka yangu, kifungua mimba, fundi wa bomba kule Wajir. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye humtupia baba udongo wa kwanza. Asipokuwepo, jambo hilo litamwandama mpaka naye afukiwe.

Nilipompigia, akaniambia, "Dada, ndege hiyo haipo. Simu imepima mstari tu kwenye ramani. Za huku zote zinashuka Nairobi, na ya Ijumaa imejaa."

Nikamrudia baba mdogo. Akasema ratiba imeshachapishwa na mchungaji ameshaambiwa. Loh, mtu mzima anaamini simu kuliko mtu aliye huko huko! Nilimjibu vibaya na mpaka leo sijutii. Basi wenzangu wakatangulia na jeneza, mimi nikabaki kumpokea kaka na kumvusha mji, maana ndege ya Kisumu tuliyopata iliondokea uwanja mwingine, Embakasi.

Jumamosi ile ndege ya Wajir ilichelewa. Nilisimama pale kwenye uzio wa uwanja, kila ndege ndogo ikitua nadhani ni yake. Aliposhuka hatukusalimiana, tulikimbilia teksi. Foleni ilikuwa imekwama kabisa. Kaka alishika mkoba wake mapajani, akawa anauliza, "Watanisubiri?" Nilimwambia ndiyo, na sikuwa na hakika hata kidogo.

Binamu yangu alinipigia tukiwa langoni mwa Embakasi, akinong'ona. Mchungaji alikuwa amemaliza, na baba mdogo alikuwa anaita vijana wenye majembe. Kisha ikabidi tuzime simu, tupande. Kuruka hadi Kisumu kulikuwa kufupi kuliko ile foleni, lakini mimi niliona ndege imesimama hewani. Kaka alikuwa anaomba. Mimi nilikuwa nalaani, Mungu anisamehe.

Tulifika nyumbani jua likizama. Watu walikuwa bado wamejaa shambani. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa, na juu ya lundo la udongo alikaa mama yetu, miguu ameinyoosha, leso amejifunika magotini. Tangu saa nane hakuna jembe lililogusa udongo ule. Nani angethubutu kumwondoa mjane? Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni, simu ameitia mfukoni.

Kaka akapiga magoti, akachota udongo chini ya mama, akanyoosha mkono juu ya kaburi. Mkono ukakataa kufunguka. Tulingoja. Udongo ulimtoka vidoleni kidogo kidogo, ngumi ikabaki imekazwa.

Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Mwachilie, baba," akamwambia. "Amekungoja vya kutosha."