Nguzo Zilizofika kwa Baba

Mdogo wangu wa kiume ana karakana ya kuchomelea vyuma ng'ambo ya Rusumo, upande wa Rwanda, alikooa. Mimi ninasaga nafaka Bugarama, upande huu wa mpaka, kwenye kiwanja alichotuachia baba. Mwaka tulioamua wote wawili kuvuta umeme wa kazi, tuligeuza jambo hilo kuwa mashindano.

Aliniacha mbali. Alipiga simu nikiwa nimejaa masizi, injini ya dizeli imezima tena, na akina mama wamekaa juu ya mifuko yao.

"Dada, huko bado mnasaga kwa moshi?"

"Kwani wewe umeshawashiwa?"

"Tangu juzi. Niliomba kwa simu, wakaja, wakaunga. Nguzo si iko mlangoni!"

Mlangoni. Hapo ndipo tulipotofautiana. Kule kwake maduka na karakana vimepangwa pamoja kwenye kituo cha biashara, na anayetaka kufungua kazi huhamia palipo na nyaya. Kwetu kila mtu anakaa katikati ya migomba yake. Mashine yangu iko bondeni, na umeme wa njia tatu, ule wenye nguvu ya kuizungusha, ulikuwa umeishia barabarani juu. Fundi mwenye leseni alinichorea ramani ya nyaya, nikapeleka ombi ofisi ya umeme, mpimaji wao akaja. Alitazama bonde, akatikisa kichwa.

"Mama, pangisha chumba barabarani. Utawashiwa upesi."

"Upesi kama Rwanda?"

Akacheka. "Karibu na hapo."

Nilikataa. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikaishika mashine ile, na wadogo zangu wote walisoma kwa unga wake. Wanaosaga kwangu ni watu wa bondeni. Nikihamia juu, watapanda kilima na debe kichwani. Nikamwambia mpimaji anipimie njia hadi kwa baba.

"Njia ipo," akasema, "ila inapita kwenye mikaratusi ya yule mzee. Asipokubali ikatwe, hakuna laini."

Mzee huyo ni Msukuma, alihamia kwetu Wahangaza kutoka Shinyanga na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Miti ile aliipanda kwa mkono wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mhangaza akiamkia kwa adabu namna hiyo, kuna kitu anataka."

Nikamweleza. Akataka kujua nguzo zitapita wapi. Nikamwonyesha: hapa kwake, kisha kwa mjane aliyetoka Burundi, kisha kwa majirani wa mtoni, mwisho kwangu.

"Na hao wote watapata taa?"

"Atakayeomba. Nguzo zikishafika, kilichobaki ni kidogo."

"Ungehamia barabarani ungepata peke yako, tena mapema."

"Ndiyo, babu."

Alichukua panga, akaenda yeye mwenyewe kuweka alama kwenye magome ya miti ya kukatwa. "Magogo ni yangu," akanionya. "Usije ukawagawia hao watu wa umeme."

Tulisubiri nguzo msimu mzima wa mvua. Kila Jumapili mdogo wangu alipiga simu kuulizia moshi wangu, nami niliendelea kusaga kwa dizeli. Lori la nguzo lilipokuja likakwama kwenye utelezi, na wanaume wa bondeni wakazishusha kilimani mabegani mwao, wakiimba. Siku mota ya umeme ilipozunguka mara ya kwanza, babu ndiye aliyemimina mahindi.

Krismasi mdogo wangu alikuja. Aliteremka kilima jioni akifuata nguzo, na taa zilikuwa zinawaka kwa babu, kwa mjane, na kule mtoni. Alifika, akaweka begi chini kwenye mlango wa mashine, akageuka kutazama alikotoka.

"Dada," akasema, "nikileta mashine yangu ya kuchomelea hapa, kona nitapata?"

"Kwa baba? Kona ipo. Ila utapanga foleni nyuma ya akina mama."